Wamesema Garissa?

Wiki iliyopita nilirudi Garissa na jarida mkobani, na kabla sijavua viatu mlangoni pake, jirani yetu wa zamani, muuza maziwa ya ngamia, aliniuliza swali lake la miaka yote: "Wamesema Garissa?"

Acha nikueleze, rafiki yangu. Baba alikuwa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Meru, nasi tukaishi ua mmoja na mama huyo, niliyemwita eeddo, yaani shangazi kwa Kisomali. Mwanawe ndiye aliyesambaza maziwa kila asubuhi, vibuyu vimefungwa nyuma ya baiskeli, akikatiza mashamba ya kando ya mto Tana na kuruka kila tuta la mfereji lililomkabili. Maziwa yalifika mapovu matupu. "Leo umeniletea maziwa au sabuni?" bibi yangu alimtania, huku harufu ya vibuyu vilivyofukizwa moshi ikijaa jikoni.

Kisha mjomba wake akamchukua ughaibuni, na huko yale matuta yakamzalia ubingwa wa mbio za BMX, zile baiskeli fupi zinazorushwa juu ya vilima vya udongo. Majarida yalitufikia kwa basi la Nairobi, kurasa zimeshika vumbi, nami nikamsomea mama yake huku akikoroga chai ya iliki. Waliandika kwamba ni kijana wa Nairobi.

"Kwani Nairobi ndiyo iliyomnyonyesha?" alisema. "Lifunge, abaayo, dada yangu. Kunywa chai."

Alishinda tena na tena, akaandikwa tena na tena, na kila mara mji wetu ukaachwa nje, kana kwamba alizaliwa uwanja wa ndege.

Jarida la safari hii lilikuwa la kumuaga, kwa kuwa amestaafu. Macho ya mama yake yamefifia, hivyo nilimsomea polepole: kwamba ufundi wake aliupata Garissa, kwenye mifereji ya Tana, akisambaza maziwa ya mama yake.

Alinisogelea. "Wameandika kwamba yalimwagika?"

"Hapana, eeddo."

"Alhamdulillahi. Wana adabu."

Mafuriko yameyafagia mashamba yale, na njia ya maziwa imelala chini ya lami. Wateja wa asubuhi zile wamehama au wamezikwa, bibi yangu miongoni mwao. Nilikuwa nikiyawaza hayo wakati mama huyo alipomwita jirani wa upande wa pili aje asikilize. Kisha akaniamuru, kichwa kimeinuka: "Soma tena. Anzia pale pa Garissa."