Dawa ya Nywele Kwenye Kidevu Changu

Akina mama, leo nimetoa leso usoni ili mnione vizuri.

Kabla ya kuungua nilikuwa mwalimu wa nasari hapa Kianjai, na nilikuwa na ndevu. Si nyingi. Nilizing'oa kwa kucha kila asubuhi. Wiki tatu kabla ya arusi yangu, mama ya mchumba wangu alinitazama akasema, "Wewe, mwanamke wa ndevu hupigana na bwana. Zitoe kwanza ndio tuongee mambo ya kanisa."

Nikaenda saluni huko Embu, mbali, nisionekane na mtu wa kwetu. Msusi alinipaka kidevuni dawa ile ya kulainisha nywele za kichwa. "Ikichoma vumilia," aliniambia, "ndio inashika."

Ilichoma. Sasa mimi, nilipopelekwa kwa kisu cha tohara nikiwa msichana, shangazi zangu walinisifu mwaka mzima kwa sababu sikutoa sauti. Basi hata pale niliuma meno, mjinga mimi, kama nangoja sifa. Msusi alikuwa akipiga gumzo. Alipokuja kuniosha, ngozi ilitoka na taulo.

Kufika jioni uso ulikuwa umevimba, malengelenge yanapasuka. Dada yangu alinipaka dawa ya meno. Siku ya tatu usaha ulinuka, homa ikapanda, nikawa nanywa uji kwa mrija. Hospitalini daktari aliuliza, "Ulipoanza kuungua, mbona hukusema?" Nililazwa siku kumi na mbili. Nesi akisafisha kidonda aliniambia, "Mama, lia tu. Ukinyamaza sijui panauma wapi." Nililia mpaka wodi nzima ikanijua.

Mchumba hakuja hata siku moja. Mama yake alituma ujumbe kwamba arusi ingoje sura ipone. Inangoja mpaka leo.

Namshukuru Mungu, na nesi yule. Ndevu zilirudi zote, zimezunguka kovu, na sizing'oi tena. Kusamehe bado, msiniombee hilo leo. Ila dawa ikiwaka, dada zangu, simameni mpige kelele, mtafute maji.

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alimwagikiwa na chai moto. Akauma meno, kimya, na wazee wakamsifu. Nilimbeba mpaka kwenye mfereji wa maji, nikamwambia alie kwa nguvu zake zote. Alilia, majirani wakaja mbio.