Salfa, Kombe na Vidonge vya Mama

Harufu ya salfa hainitoki puani mpaka leo. Msimu ule, kijijini kwetu karibu na Ruponda, mashine za kuipulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu tunaouita ubwiri, zilinguruma tangu alfajiri, na unga wa manjano ukatua kila mahali, kwenye mikeka, kwenye uji, kwenye nywele zetu. Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa amezika kichanga chake miezi michache nyuma, mtoto wa kiume, na tangu hapo akawa halali usiku, anaongea na watu tusiowaona, na mara mbili alitoka nje bila nguo. Baba alimpeleka hospitali, wakarudi na mfuko wa vidonge. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kumpa, kimoja asubuhi, viwili jioni.

Vidonge vilimtuliza, hilo sikatai. Lakini vilimtuliza kupita kiasi. Mate yalimtiririka, mikono ikakakamaa, na korosho zilipoanza kudondoka aliinama kuokota akashindwa kuinuka. Bibi, mama yake mzazi, alimtazama akalia. "Nimewapa mwanangu, wamenirudishia gogo," alisema. Mfa maji haachi kutapatapa. Akapanda bodaboda mpaka Mbekenyera, akarudi na fundi wa tiba za kienyeji, mzee mpole asiye na makuu. Mzee akaandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji, mama akanywa maji yale. Hilo ndilo kombe. Anywe siku saba, akasema, na asilichanganye na dawa za hospitali. Baba alisitasita. Bibi akamjibu kwa hoja ambayo mkulima yeyote wa kwetu angeikubali: "Mkorosho ukishapona ubwiri, nani anaendelea kupuliza salfa?" Tukaona kweli. Jamani, tuliona kweli kabisa! Mama mwenyewe alinishika mkono akanisihi, "Mwanangu, vinanifunga hivyo. Usinipe tena." Nikavitumbukiza vyote chooni, tena kwa furaha.

Kwa wiki tatu tulimpata mama yetu. Aliimba, alinisuka nywele, aliokota korosho kuwashinda wote, majirani wakaja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Kisha furaha ile ikazidi. Akaacha kula, usingizi ukampaa, akawa anafukua shamba kwa mikono akimtafuta mwanawe. Mchana mmoja aliondoka. Wanaume walimtafuta mpaka Kiegei, wakamkuta siku ya tatu akitembea ndani ya shamba lililotoka kuchomwa, nyayo zimeungua. Ili asitoroke tena, Bibi aliagiza kamba ya kufungia magunia. Niliyeileta ni mimi. Mama hakupigana, alinyoosha mikono, akaniuliza kama nimeshakula.

Siku hizi naishi naye Ruangwa mjini, na vidonge vimerudi, vya aina nyingine. Mikono sasa inatetemeka, chai inamwagika, na nikimweleza daktari ananiambia tuvumilie. Nimechoka, sifichi. Wapo ndugu wanaoniambia vidonge ni sumu, nimpeleke kwenye kombe, nimpeleke kwenye maombi. Siwezi kuwacheka maana mikono yake naiona. Ila nikiziosha zile nyayo zenye makovu, nguvu za kuwasikiliza zinaniisha. Linalonitafuna ni jingine. Daktari alimwuliza anasikia sauti gani, fundi akamwuliza nani anamwonea kijicho, na miaka yote hii hakuna aliyemwuliza habari za mtoto wake. Hata mimi sijathubutu, naogopa nitamfungulia mlango nisioweza kuufunga.

Kwa hiyo kila jioni nampa vidonge viwili na kikombe cha maji. Akishameza ananigeukia, anafungua mdomo, anatoa ulimi na kuuinua ili nione kwamba hakuficha kitu. Sijawahi kumwambia afanye hivyo. Kisha, kama siku ile ya kamba, ananiuliza kama nimeshakula.