Anatembea na Nani

Harufu ya kwanza kunishinda ilikuwa ya mume wangu. Yeye ni fundi wa kuziba pancha pale Mkata, kando ya barabara, na hurudi nyumbani Jumamosi akinuka gundi na mpira ulioungua. Kwa miaka miwili nilikuwa naivumilia harufu ile, hata naipenda, kwa sababu ilimaanisha amerudi. Mimba ilipoingia nikamwambia alale sebuleni. Akacheka, akidhani natania. Nikamtapikia miguuni.

Baada ya hapo ikawa kila kitu. Dagaa, mafuta ya taa, sabuni ya unga, pumzi za watu. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu ni kumzungushia mtu futi kifuani pua yangu ikiwa karibu na kwapa lake. Makwapa ya watu, jamani, sikuwahi kujua yana habari nyingi kiasi kile. Mate yalinijaa mdomoni mchana kutwa. Niliweka kando ya cherehani kopo tupu la maziwa la kutemea, na wateja walikuwa wakiliangalia kopo, wananiangalia mimi, halafu wanasema watarudi kesho.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na korona. Sisemi ule ugonjwa. Kwetu upande wa Korogwe, kwenye nyumba za zamani za shamba la mkonge, korona ni mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, na uliitwa hivyo kabla ugonjwa haujasikika. Unatema maji ya kijani na makapi, yanaoza juani, na upepo ukigeuka harufu inaingia mpaka kwenye sufuria ya maharage. Waliozaliwa pale hawaisikii. Mimi nimezaliwa Handeni, kwenye mahindi na muhogo, nikaja kuolewa pale, na naisikia mpaka leo.

Siku ya kwanza ya kliniki nesi alinisimamisha ukutani kunipima urefu. Akatazama, akaandika kwenye kadi.

"Mfupi," akasema. "Na ni mimba ya kwanza. Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Kwa hiyo unakaa."

"Nakaa."

"Basi tembea. Kila jioni, nusu saa, mpaka jasho likutoke. Na ukiwa nyumbani uwe unachuchumaa na kuinuka, taratibu, ukishika kitu. Mimba si ugonjwa. Mtu anayekaa mwaka mzima akija kuzaa pumzi inamwishia njiani, na uchungu unakuwa mrefu."

Hapo kwenye uchungu mrefu ndipo aliponipata. Sikuwa naogopa maumivu peke yake. Mwanamke akichelewa kujifungua, wapo wanawake wazima watakaomwinamia na kumwambia: taja. Ataje wanaume aliolala nao nje ya ndoa, kwa majina, ndipo njia ifunguke na mtoto atoke. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili dada yangu alipojifungua, kule Handeni, nikasikia kutoka nje ya dirisha wakimbembeleza ataje, halafu wakimtukana kwa sababu hataji. Dada hakuwa na wa kumtaja. Mtoto alitoka mzima, lakini mpaka leo shemeji akikasirika humwuliza siku ile alikuwa anamficha nani. Katika mimba ile yangu nilitaka jambo moja: nizae kwa nguvu zangu, nizae upesi, asipatikane mtu wa kuniinamia.

Basi nikaanza kutembea. Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu nimesikia wanawake wakisimulia mazoezi ya mimba kama vile walikuwa harusini. Sikufurahia hata siku moja. Mapaja yalisuguana mpaka yakachubuka, ikabidi nipake mafuta ya nazi, na mafuta yakipata joto yananuka. Jasho lilikaa chini ya maziwa likaniwasha. Nikikohoa, mkojo kidogo unatoka. Kila jioni saa kumi na moja nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiziangalia kandambili zangu na kuzichukia. Halafu naukumbuka ule mdomo uliokuwa ukimtukana dada, nasimama. Wengine wanatiwa moyo na upendo wa mtoto. Mimi nilitiwa moyo na kinyaa, na kilinisukuma vizuri tu.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hakunikataza kutembea. Alikuwa na masharti yake. Nisisimame mlangoni, mtoto atasimama mlangoni. Na nikitoka, nisigeuke nikarudi kwa njia ileile, kwa sababu mtoto naye atafika katikati ageuke.

"Mama, sasa nitarudije nyumbani?"

"Zunguka," akasema.

Njia ya kuzunguka ni moja tu. Unafuata barabara ya shamba mpaka kwenye kalvati, unakunja kushoto, unapita jalala la makapi ya korona, unatokea nyuma ya nyumba zetu. Kwa hiyo kila jioni, kwa heshima ya mama mkwe, nilipita pale kwenye uozo nikiwa nimebana kanga puani, inzi wakinisindikiza, na kila jioni nilitapika mahali palepale. Ile nusu saa ya nesi ikawa karibu saa nzima. Nilimchukia mama mkwe kwa kila hatua ya lile jalala, na hilo naliandika bila haya.

Mwezi wa sita wa mimba, mteja mmoja aliyekuja kuchukua gauni alisimama muda mrefu kuliko gauni lilivyohitaji. Kisha akaniuliza kama nina amani na mume wangu. Nikamwambia nina amani naye, akioga. Hakucheka. Ndipo akanieleza kilichotokea bombani. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji, mmoja akamwuliza mama mkwe wangu mbona mkwewe haonekani jioni.

"Anatembea," mama akajibu.

"Anatembea na nani?"

"Mimi nitajuaje, mwenzangu, nami nashinda ndani?"

Nilimwomba mteja arudie, akarudia. Mama mkwe amezaliwa na wazazi waliokuja kukata mkonge kutoka mbali, nyumbani kwao walisema lugha nyingine, na Kiswahili chake ni cha moja kwa moja. Kutembea kwake ni miguu. Aliulizwa swali la uchafu akajibu kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi. Na wale wenzake, walioelewa vizuri kabisa kosa lake, hawakumsahihisha hata mmoja. Walichota maji yao, wakaondoka na neno. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Siku ya pili mume wangu akapiga simu kutoka Mkata.

"Nasikia unatembea," akasema.

"Ndiyo, natembea."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne. Nesi ndiye aliyeniambia."

"Nesi amekwambia utembee?"

"Kila jioni. Mpaka jasho linitoke."

Nilimsikia akihema, na nyuma yake kompresa ikiunguruma, ndipo nikaelewa tunazungumza mambo mawili. Nikamweleza kila kitu, kadi, urefu, jalala, bomba. Aliniamini, hilo nampa. Lakini akamalizia kwa kusema, "Hata hivyo ungeacha tu. Watu wanaongea."

"Utazaa wewe?" nikamwuliza, nikakata simu. Waliotia uchafu mdomoni ni wao, na anayetakiwa kukaa ndani ni mimi.

Sikuacha. Ila nilijifunza jambo moja, kwamba ninapoishi mimi mwanamke haulizwi anakokwenda akiwa amebeba kitu. Nikatoka na jembe begani. Wanawake walewale wa bombani wakanisifu. "Mjukuu atakuwa na nguvu huyo," walisema, "mama yake ni mchapakazi." Nilikuwa na mimba ya miezi saba, jembe begani, sina shamba upande ule, na hakuna aliyejiuliza nalima wapi. Mjamzito kulima ni sifa, mjamzito kunyoosha miguu ni umalaya. Nilitema mate njia nzima, na si yote yalikuwa ya mimba.

Uchungu ulinianza alfajiri. Tulikwenda kituo cha afya kwa bajaji, mimi na mama mkwe na beseni la nguo. Adhuhuri ikapita, bado. Nesi alikuwa akinipima, ananiambia njia inafunguka taratibu, hakuna kibaya, niendelee kutembea chumbani. Nikatembea. Nilishika ukingo wa kitanda, nikachuchumaa, nikainuka, kama nilivyofanya miezi yote ile. Pumzi nilikuwa nayo. Nesi alitoka kidogo kwenda kumwona mwingine, na mama mkwe akaingia na chupa ya chai.

Hakunipa chai. Alinisogelea, akaniinamia. Mdomo wake ulinuka tangawizi na jino bovu.

"Mwanangu," akasema taratibu. "Taja."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Taja tu. Sitamwambia mwanangu. Sitamwambia mtu."

"Sina, mama."

"Hata mmoja. Taja mmoja."

Nilimwambia aondoe mdomo wake usoni kwangu. Mkwe hamwambii mama mkwe hivyo, si kwetu, si kwao, na nyuma ya pazia kulikuwa na wanawake wawili wakisikiliza. Hakukasirika. Alianza kulia, akanishika mkono kwa nguvu, akaendelea kusema taja, taja, mpaka nesi aliporudi akamshika bega akamtoa nje. Nilitapika kwenye beseni la nguo za mtoto.

Mtoto alitoka alasiri, wa kike, mzima, analia kwa hasira. Sikuchanwa wala sikushonwa. Nesi aliniambia kutembea kumenisaidia, nikaitikia, lakini sikusikia raha yoyote. Miezi yote ile nilikuwa nimetembea ili nisiambiwe neno moja, na nimeambiwa.

Kawaida yetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na wa kunikanda alikuwa yeye. Siku mbili za kwanza nilijifanya nimelala. Siku ya tatu asubuhi aliingia na sufuria na kitambaa, akaniambia nikiendelea hivi damu itaganda tumboni. Nikajilaza. Mikono yake ilinitia kinyaa kuliko makapi ya korona, na nilimwuliza nikiwa nimegeuzia uso ukutani.

"Mama, kwa nini ulinifanyia vile?"

Alikamua kitambaa. Maji yakachuruzika ndani ya sufuria.

"Mimi waliniinamia watatu," akasema. "Mama mkwe wangu na dada zake. Tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nilikuwa na miaka kumi na saba, simjui mwanaume mwingine, hata mume wangu mwenyewe nilikuwa simjui vizuri."

"Ukafanyaje?"

"Nikataja."

Niligeuka kumtazama. Aliniambia alimtaja kijana mmoja mkata mkonge aliyekaa nyumba ya pili. Hakuwahi hata kumshika mkono. Alikuwa akimsalimia tu asubuhi akipita na panga lake kwenda kazini, na lake ndilo jina lililomjia.

"Wakamfanya nini?"

"Walimpiga. Akaondoka na nguo alizovaa. Sijui alielekea wapi, wala mkewe hakujua."

Mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye mume wangu. Baba yake alikufa bila kumwita "mwanangu" hata siku moja, na mume wangu amekuwa akiniambia mzee alikuwa mkali tu. Kinyaa kilinipanda mpaka kooni, na kwa mara ya kwanza tangu mimba ile iingie sikujua nimtemee nani.

"Ulimsingizia mtu," nikamwambia.

"Nilimsingizia." Alichovya kitambaa tena kwenye maji ya moto, vidole vyake vikawa vyekundu. "Lakini, mwanangu, nilipolitamka tu lile jina, mtoto akatoka. Palepale. Sasa wewe nikuangalie unakufa, kwa kukosa jina?"

Akanibonyeza tumboni kwa nguvu, na mimi sikuuondoa mkono wake.