Walimpa mama gauni lake mwenyewe, sasa wanataka nikatoe ushuhuda

Admin, nakuomba unifichie jina. Hapa Kidete tunajuana wote, nikigundulika sitakuwa na pa kuuweka uso wangu. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Baba alishafariki, naishi na mama na wadogo zangu wawili. Mimi ni mtu wa aibu sana. Hata shuleni nilikuwa najibu swali huku nimeangalia dawati.

Masika haya Mto Mkondoa ulifurika, ukasomba shamba letu lote la bondeni. Tulibaki na kipande kidogo tu mlimani. Mama akaanza kulima vibarua, na kuna siku tulikunywa uji wa chumvi tukalala. Hakutaka mtu yeyote ajue. Mama yangu ni mtu wa kutoa. Kila ikikaribia Krismasi yeye ndiye alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kukusanya nguo, kanisa lizipeleke kwa wahitaji, na hakuwahi kukusanya za wenzake bila kuweka na ya kwake.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka tukasikia nyimbo na spika. Kirikuu, kile kigari cha mizigo cha kanisa, ikasimama mlangoni kwetu. Wakashuka kina mama na Mama Mchungaji, majirani wakajaa. Walishusha unga, maharage, sabuni, na mfuko wa nguo. Mama Mchungaji akatoa gauni la zambarau lenye kola nyeupe, akampimia mama mbele ya watu.

"Jamani, limemkaa! Kama alipimiwa yeye!" akasema. "Cheka kidogo basi mama, tunapiga picha, mbona kama tuko msibani?"

Mama akatabasamu. Akasema, "Asanteni, Mungu awabariki."

Lile gauni lilikuwa lake. Alilitoa mwenyewe Krismasi iliyopita, akalifua na kulipiga pasi kwanza. Walipoondoka alikaa kitandani akiishika ile kola, akaniambia, "Usimwambie mtu. Hawakufanya makusudi, wamesahau tu." Nikamwahidi. Halafu akalia. Sijawahi kumwona mama akilia, hata maji yalipochukua shamba.

Picha zikaingia kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, zikasambaa. Tukienda bombani vijana wanamwamkia, "Shikamoo, mama mhitaji!" Naye anaitika "Marahaba" kama hajasikia kitu. Tangu hapo hajakanyaga kanisani. Watu wa kanisa wanasema ameingiwa na kiburi, kapewa msaada na bado kanuna. Mimi nasikia na nanyamaza, kwa sababu nilimwahidi.

Sasa wiki mbili zilizopita Mama Mchungaji aliniita. Kanisa linapeleka vijana Mikumi kujifunza ushonaji, chakula na malazi bure, na imebaki nafasi moja. "Nimekupigania wewe, mwanangu," akaniambia. "Ila siku ya ibada ya Mavuno wageni wanaotufadhili watakuwepo. Utasimama utoe ushuhuda, jinsi mlivyokuwa mnalala njaa mpaka kanisa likawafikia. Na zile picha tutazionyesha."

Nikamwambia, "Mama, mimi siwezi kuongea mbele za watu."

Akacheka, akanishika shavu. "Roho atakupa maneno. Usiposimama, wageni watajuaje kazi tunayofanya? Nitampa mwingine." Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nilipomweleza mama, aliacha kupepeta. "Njaa ya nyumba hii ni siri ya nyumba hii," akasema. "Ukiipeleka madhabahuni, baki hukohuko, usirudi kwangu."

Ndugu zangu, sitaki kulisema vibaya kanisa. Ule unga tulikula, wadogo zangu walishiba. Mama Mchungaji ananipenda, najua. Na hiyo cherehani ndiyo njia pekee ninayoiona ya kumtoa mama kwenye vibarua. Nikikataa, nitakaa hapa nikilima mashamba ya watu pembeni yake. Nikisema habari ya gauni nijitetee, nimevunja ahadi na nimemwaibisha mara ya pili.

Mavuno ni Jumapili hii. Leo asubuhi mama amenipa ndoo ya mahindi, yale mazuri kabisa ya kile kipande cha mlimani, ameyachagua punje moja moja. Akasema, "Hiyo sadaka yetu. Peleka, weka pamoja na za wenzetu. Sisi hatuendi mikono mitupu." Hajaniuliza kama nitasimama. Amerudi jikoni.

Tangu asubuhi sijala. Nitaiwekaje hiyo ndoo madhabahuni, halafu nigeuke niwaambie wageni kwamba sisi ni watu wa kupewa? Mliozaa, na nyie mliowahi kupewa msaada mkajisikia vibaya, nawasihi mnijibu kabla ya Jumapili. Nisimame, au nikatae niupoteze huo ufundi wa kushona niliotaka?