Mabega ya Kimo Kimoja

Kabla ya kufika bandari ya Wesha nilikwisha kuacha kazi nyingi. Skuli niliiacha mapema. Duka la vitambaa Wete nililiacha kwa kuwa nilitaka kujua mkate unavyoumuliwa, na kwa mwoka mikate nikaondoka nilipojua. Uhamali wa bandarini ndio ulionishika.

Magunia ya karafuu tuliyatoa ghalani wawili wawili. Gunia lilining'inizwa kwa kamba kwenye mti uliolazwa mabegani, mtu mbele, mtu nyuma. Wawili hao sharti wawe kimo kimoja. Mmoja akizidi, mzigo humtelezea mfupi, na bega lake halifiki msimu wa pili. Msimamizi alitusimamisha mgongo kwa mgongo, akapitisha kiganja juu ya vichwa. Asiyepata wa kimo chake alirudi nyumbani.

Mwenzangu alikuwa mzee mmoja wa Tibirinzi. Warefu pale tulikuwa sisi wawili tu.

Haukupita muda nikachoka. Mafundo ya kamba nilikwisha kuyajua, hata matusi ya mabaharia. Kila asubuhi nilikuja na nia ya kuaga, kisha namwona yule mzee anatokea, kitambaa begani. "Umeamkaje, mwanangu?" Nia inayeyuka. Nikiondoka, atabeba na nani?

Nikawa nawauliza wengine kinachowaweka pale. Mmoja alisema hamali wenzake ndio waliochimba kaburi la mamake, hawezi kuwapa kisogo. Mwingine akacheka: "Nitoke hapa, nani atanitukana kwa mapenzi namna hii?"

Msimu ukaisha, mwingine ukaingia. Mchana mmoja, tumekaa kivulini mwa ghala, mzee akasema bila kunitazama:

"Mwanangu, usinune. Mkwe wangu ananiita shambani kwake, nikamsaidie mihogo. Yapata mwaka sasa."

"Mbona hukwenda?"

"Nende nkuache na nani? Mrefu mwengine yuko wapi hapa? Nikasema, kijana huyu atakosa kazi kwa ajili yangu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Mzee wangu, na mimi nilikuwa nabaki kwa ajili yako wewe!"

Akanigeukia. "Lo! Na mdomo ulikuwa huna?"

"Nilikuwa nao. Na wewe?"

Alikikung'uta kitambaa, akakirudisha begani, akainuka. Jioni ile tulibeba mpaka gunia la mwisho, yeye mbele, mimi nyuma.

Kesho yake hakuja. Msimamizi akanisimamisha na huyu, na yule, kiganja chake kikitoka kichwani mwangu na kuteremka kila mara. "Basi, ndugu yangu," akasema, "nenda kapumzike."

Kuondoka ndiko nilikokutaka misimu miwili. Nikakaa juu ya rundo la kamba nje ya ghala, bega likiniuma pale pale pa siku zote, nikifikiria kazi gani nikaione sasa inavyofanywa. Haikunijia hata moja.