Kichuguu cha Tata Alupo

Ofisi ya Euphrasia Ongodia ni chumba kimoja cha mabati kilichoegemea ofisi ya naibu wa chifu, kama mgeni aliyekosa kiti akaamua kusimama. Ndani mna meza, kabati la chuma lisilofungika vizuri, muhuri, na ramani ya kijiji cha Omosing ambayo Euphrasia aliichora mwenyewe kwa kalamu za rangi tatu. Yeye ndiye msimamizi wa kijiji. Kalavati ikiziba, anaitwa. Taa ya soko ikizimika, anaitwa. Mbuzi wa mtu akiingia bustani ya shule anaitwa pia, ingawa mbuzi hawamo katika barua yake ya kuajiriwa.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa ng'ambo ya kijito, mwendo wa nusu saa kutoka Omosing, akasomea utawala Kisumu, akarudi na methali moja aliyoibandika ukutani juu ya kabati: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu humwita Mama Faili, mbele yake na nyuma yake, naye hana kinyongo. Hapendi kusema mbele za watu. Barazani husoma alichoandika, hukunja karatasi, huketi.

Kwa miaka mitatu faili nene kuliko zote kabatini ilikuwa ya maji. Omosing huteka maji kwenye chemchemi ya bondeni, na kiangazi foleni ya mitungi huwa ndefu hata watu wakaiacha mitungi ijipange yenyewe, wao wakarudi nyumbani. Kaunti ilikuwa imekubali, hatimaye. Kisima kilishachimbwa karibu na shule. Lililobaki ni tangi kuinuliwa mahali pa juu, ili maji yashuke yenyewe hadi kioski cha sokoni.

Mahali pa juu palikuwa pawili tu. Pa kwanza ni makaburi ya kanisa. Pa pili ni kona ya shamba la Barasa, anayeuza viatu vya mitumba Malaba, aliyelinunua shamba hilo miaka saba iliyopita. Barasa alikubali kuitoa kona ile. Alisaini barazani, naibu wa chifu akashuhudia, Euphrasia akapiga muhuri. Katikati ya kona palikuwa na kichuguu chekundu, kirefu kumshinda mtu, na msingi wa tangi usingeweza kukaa juu ya ardhi yenye mashimo. Kingeng'olewa mpaka chini. Fomu ya kaunti ilikuwa na mstari wa nyumba, mstari wa mazao, mstari wa miti na mstari wa makaburi. Euphrasia aliandika "hakuna" mara nne.

Jumatatu tingatinga lilifika, na Okwara, fundi mkuu wa mradi, akalifuata kwa pikipiki. Injini haijapoa, mwanamke mzee akaja na kigoda, akakiweka mbele ya kichuguu, akaketi na kuanza kuchambua mboga. Huyo alikuwa Alupo, mjane wa miaka sabini na kitu, ambaye nusu ya Omosing humwita Tata, yaani nyanya. Hakupiga kelele. Okwara alipomwomba asogee kidogo, alimjibu, "Nitasogea nikimaliza mboga," kisha akaendelea kuchambua, jani moja moja.

Okwara akampigia Euphrasia simu.

"Madam, kuna mama mzee hapa amekalia tangi yako."

"Tangi gani? Si haijajengwa?"

"Ndiyo hiyo. Amekalia pale itakaa."

Euphrasia alielewa akiwa bado njiani, na alichokielewa kilimchoma kwa sababu hakuwa mgeni. Kila aliyezaliwa sehemu zile anajua kwamba kichuguu cha kumbikumbi kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe si lazima awe mwenye shamba. Kichuguu hurithiwa. Binti hupewa. Shamba laweza kuuzwa mara tatu na kichuguu kikabaki kwa mtu yule yule, ambaye mvua zikianza huja na kikapu na majani ya migomba, na hakuna mbwa anayembwekea. Euphrasia aliyajua haya jinsi mtu anavyojua jina la baba yake, na ndiyo maana hakuyauliza. Fomu haikuuliza, naye alikuwa amezoea kuuliza kama fomu.

Alimkuta mzee Ilukor, mzee wa mtaa, amesimama kando, mikono nyuma.

"Mzee, siku ile ulikuwa barazani."

"Nilikuwa."

"Na ulijua kichuguu ni ya Tata."

"Hata mbuzi wanajua."

"Na hukusema."

"Uliuliza shamba ni ya nani," alisema Ilukor bila haraka. "Shamba ni ya Barasa. Hukuuliza kichuguu."

Barasa alipopigiwa simu alishangaa kuliko wote. Alikuwa ameambiwa siku ile ile aliyonunua. Kila mvua za kwanza anafunga mbwa, Tata anavuna, anamwachia bakuli moja. "Nilidhani mmeongea na yeye," alisema. "Si nyinyi ndio serikali?"

Okwara naye alikuwa na lake. Ijumaa jioni tingatinga lilitakiwa kuondoka kwenda Angurai, ambako mtaro wa watu wengine ulikuwa ukilingoja. "Ikienda, madam, kurudi ni mwaka mwingine wa fedha. Na mwaka mwingine uko na wenyewe." Euphrasia hakuhitaji kuelezwa. Aliwahi kuona mradi ukihamishwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na kijiji kikarudi mkiani mwa orodha.

"Si umlipe fidia?" Okwara alimwuliza.

"Haina mstari kwa fomu."

"Andika ni jengo. Iko na vyumba, iko na askari, na mwenye nyumba hatoki nje."

Euphrasia hakucheka, ingawa baadaye alikiri kwamba wazo lile alilifikiria hadi alipofika ofisini.

Jumanne alikwenda kwa Alupo. Alimkuta akigeuza mihogo juu ya mwamba ili upande wa chini nao upate jua.

"Yoga, Tata," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Yoga. Keti. Umekuja na kalamu ama umekuja na mdomo?"

"Nimekuja na vyote."

"Kalamu weka."

Euphrasia akairudisha mkobani. Alupo aliendelea kugeuza mihogo.

"Tata, kwani hutaki maji?"

"Nani amekwambia? Hii mgongo imebeba maji ya ile chemchemi tangu niolewe. Naitaka kukushinda wewe unayeandika."

"Sasa tufanye nini?"

"Mzee wangu alipougua tuliuza shamba. Kichuguu hakuuza, kwa sababu haikuwa yake. Mama yake alinipa mimi, mwaka nilizaa mtoto wa kwanza. Hizo kumbikumbi ndizo napelekea wakwe wa wasichana wangu wanne. Nikienda mikono mitupu nitawaambia nini? Serikali ilikuwa na njaa?"

"Kaunti inaweza kukulipa."

"Pesa nitapanda wapi itoe mabawa?" Alupo akanyoosha mgongo. "Kichuguu inalipwa na kichuguu. Iwe hai. Iwe ya kutoka na mvua ya kwanza kama yangu. Na isiwe mbali, mimi si msichana."

Hayo ndiyo Euphrasia aliyoyapeleka barazani Jumatano, yakiwa yameandikwa kwenye karatasi moja. Watu walikuwa wengi na wote walitaka maji. Walisema hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno marefu. Kisha Euphrasia akasoma mstari wa mwisho: nani atatoa kichuguu? Wote waliotaka maji wakatazama miguu yao.

"Mimi niko na kimoja," alisema Ilukor, akiwa mzee wa mtaa na hivyo hana budi kusema. "Lakini ni ya mama watoto, na ameenda Tororo."

"Anarudi lini, mzee?" mtu akauliza.

"Hajasema. Nafikiri anangoja hii baraza iishe."

Watu wakacheka. Everline, msichana aliyeahidiwa kazi ya kuuza maji kwenye kioski, akasimama na kutoa kichuguu cha mama yake. Alupo alimwuliza swali moja tu: "Ile kuku wanalala juu?" Everline akaketi.

Euphrasia alikuwa amekunja karatasi yake tayari. Alikuwa nacho kimoja. Nyanya yake, Anyait, alimpa alipokuwa na miaka minane, akiwaruka binamu wakubwa, kwa sababu, alisema, ndiye mtoto pekee aliyeweza kukaa kimya mpaka kumbikumbi watoke. Kilikuwa ng'ambo ya kijito, pembeni mwa boma la kaka yake. Kwa misimu sita hakuwa amekifikia. Wifi yake huvuna kinachovunika na kumtumia kopo moja kwa boda. Hakikuandikwa popote. Kwa methali ya ukutani mwake kilipaswa kuwa kimepotea zamani, na hakikuwa kimepotea.

"Ninacho kimoja," alisema. Haikuwa kwenye karatasi, na sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie.

"Cha Anyait?" aliuliza Alupo.

"Cha Anyait."

"Kilikuwa kizuri," alisema Alupo. "Sasa sijui."

Alhamisi walivuka kijito watatu: Alupo, Euphrasia, na Ilukor awe shahidi. Kichuguu kilikuwa kimemezwa na magugu hadi kiunoni. Alupo alikizunguka mara mbili, kisha akachukua mpini wa jembe akabomoa kipande cha upana wa kiganja karibu na kilele. Euphrasia alijua maana yake. Kama ndani mna uhai, mchwa watakuja kuziba kwa udongo mbichi. Kama hamna, tundu litabaki kama lilivyo, Alupo atarudi kwenye kigoda chake, na kesho tingatinga litaenda Angurai.

Wakaketi kwenye nyasi. Tundu likabaki kavu. Ilukor akatoa simu kuangalia saa, akairudisha, akaitoa tena.

"Umekitupa," alisema Alupo.

"Nilikuwa na kazi, Tata."

"Kazi."

Kama kingekuwa kimekufa, kijiji kingekosa maji. Kama kilikuwa hai, kingetoka mkononi mwake kabla jua halijashuka. Euphrasia aliyaweka mambo hayo mawili kando kwa kando, jinsi anavyoweka hati mbili mezani, na akagundua hajui anaombea lipi. Akageuka kutaka kusema kitu.

"Nyamaza," alisema Alupo. "Unapumua kama injini. Nyanya yako alitudanganya kwamba unajua kukaa."

Euphrasia akakaa. Alikaa jinsi alivyokaa utotoni, magoti pamoja, macho mahali pamoja. Muda wa kuchemsha viazi ulipita. Ndipo kichwa kimoja cha kahawia kikajitokeza kwenye ukingo wa tundu, kikarudi ndani, na baada yake wakaja wengine, kila mmoja na tonge lake la udongo. Udongo ulikuwa mbichi. Ulimeta.

"Kiko hai," alisema Alupo. "Kimekosa mtu tu."

Kulingana na desturi ya pale, anayetoa hung'oa magugu kwa mkono wake na kumkabidhi anayepokea fungu la kwanza. Euphrasia aling'oa. Yalikuwa na mizizi mirefu na yalimchana vidole.

"Kichuguu hiki alinipa nyanya yangu Anyait," alisema. "Leo nimempa Alupo."

"Nimesikia," alisema Ilukor.

Ikawa imekwisha. Euphrasia alikuwa amebeba muhuri mkobani, lakini hakukuwa na mahali pa kuupiga. Walipovuka kijito kurudi, alitembea nyuma ya wenzake, na hakuna aliyegeuka.

Ijumaa tingatinga lilifanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alupo alisimama karibu na Okwara, akimwonyesha mahali chumba cha malkia kilipo, na ni kweli kilikuwa pale. Barasa naye alikuwa ameacha viatu vyake Malaba akaja mbio, kwa kuwa udongo wa kichuguu ndio bora wa kufyatulia matofali, na sasa ulikuwa lundo.

"Udongo ni wangu, Tata. Shamba si ni langu?"

"Udongo ni wa kichuguu, Barasa. Kwani hiyo viatu unauza, mguu ukiingia ndani nao ni wako?"

Wakamtazama Euphrasia, wote wawili. Alifungua mkoba kutafuta fomu, akasita, akaufunga.

"Mzee Ilukor, udongo wa kichuguu ni wa nani?"

"Sasa umeuliza," alisema Ilukor, akaeleza. Alupo alichukua mikokoteni miwili ya kukandikia nyumba, Barasa akabaki na lundo lililosalia, na kila mmoja alikwenda zake akinung'unika. Jioni tingatinga likaondoka. Msingi ulimwagwa wiki iliyofuata.

Maji yalifika kwenye kioski mwezi wa Desemba. Katika fomu zake za kazi Euphrasia sasa huongeza mstari kwa kalamu chini ya makaburi: vichuguu, na mwenyewe ni nani. Ofisi ya wadi ilimwandikia mara moja kumuuliza mstari huo umetoka wapi. Barua hiyo aliiweka kwenye faili.

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado hazijaanza, Everline alikuja ofisini na daftari la kioski.

"Madam, Tata Alupo amenunua mitungi minne leo. Jana pia minne."

"Ana wageni?"

"Wageni gani? Anabebesha boda, inavuka nayo kijito. Watu wanasema anamwagia kichuguu na kukipigia vijiti, ndio kumbikumbi wafikirie mvua imekuja. Sasa kwa sheria si tuliandika maji ni ya matumizi ya nyumbani?"

Euphrasia alifungua kabati, akatoa faili ya maji, akaisoma sheria hiyo aliyoiandika kwa mkono wake. Ilisema hivyo hasa. Alichukua kalamu, akaishika juu ya karatasi kwa muda, kisha akailaza mezani.

"Wametoka?"

"Nani?"

"Kumbikumbi."

Everline hakujua.

"Nenda kwanza uulize," alisema Euphrasia, "kabla sijaandika kitu."