Kitabu Nilichokinunua Mara Mbili

Kila Ijumaa jioni simu yangu haitulii. Ni wale niliosoma nao sekondari: "Mwalimu, wiki hii tununue katuni gani?" Cheo hiki sijui nani alinipa. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Bukoba mjini, mama mtu mzima mwenye miwani, lakini hakuna kitabu cha katuni kinachoshuka kwenye meza ya yule mama muuza vitabu karibu na stendi nisikijue. Sharti langu ni moja tu: sipendekezi kitabu nisichokisoma mpaka mwisho. Kikiwa kibovu, nasema kibovu. Kuna wiki niliwaambia, "Hicho cha majini achaneni nacho, hela yenu kaleni senene." Mama wa vitabu alininunia siku saba.

Wiki hii jibu ni moja: nunueni kile cha bibi mpelelezi. Mimi mwenyewe nimekinunua mara mbili, na ngojeni niwaeleze kwa nini.

Baba yangu anakaa Nshamba. Kwa miaka mingi alikuwa mnadi wa kanisani kwetu. Sisi Walutheri wa huku si kila mtu anatoa sadaka ya noti. Huyu analeta mayai, yule mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, na ibada ikiisha vinanadiwa hapo nje. Baba alikuwa na mdomo, jamani! Jogoo alimnadi hivi: "Huyu anaimba sauti ya nne. Mkimla mtaipunguzia kwaya." Aliweza kuuza hata boga lililooza upande mmoja. Na kitu kikikosa mtu kabisa, mama yangu, aliyekuwa akisimama siku zote kwenye tangi la maji ya mvua, aliinua mkono. Baba naye alipaza sauti, "Mara ya tatu, kinakwenda nyumbani!" na uwanja mzima ulicheka. Utoto wetu wote tumekula mayai yenye ufa.

Mwaka jana mama alifariki, na baba akanyamaza. Alibaki na maneno matatu: ndiyo, hapana, asante. Unadi akaukataa. Kibanja chake cha migomba, ambamo zamani usingeona jani kavu hata moja likining'inia kwenye mgomba, kikageuka msitu. Niliogopa, sifichi. Nilikuwa nimeshamzika mmoja, na wa pili nilimwona anaondoka huku amekaa kwenye kiti. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa nausubiri huo mshindo, hata ungekuwa wa matusi.

Basi nikatumia dawa ninayoijua. Kila Jumamosi nilipanda gari kwenda Nshamba na kitabu kipya cha katuni. "Taata, hiki kitakuchekesha." "Asante." Jumamosi iliyofuata nilikikuta palepale chini ya redio, kama nilivyokiacha. Vikawa rundo. Siku moja nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira, nikikoroga chai isiyokuwa na sukari.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea cha bibi mpelelezi. Ni bibi kizee muuza maandazi anayewasaka wezi wa ndizi kijijini kwake, na nilivyokuwa nikikisoma nilicheka peke yangu mpaka nikapaliwa. Baba akasema, "Asante." Asubuhi ya Jumapili nikakikuta chini ya redio. Nikasema, yamenifika hapa. Nikakichukua, nikakitia kwenye kapu la sadaka, kati ya mayai na maparachichi. Asiyekitaka na akikose.

Mnadi wa siku hizi ni fundi cherehani, mtu mwema sana, ila ananadi kama anayeomba radhi. Alikishika kitabu kwa ncha za vidole. "Hapa tuna... kitabu cha watoto. Kina picha. Nani mia tano?" Kimya. "Basi mia mbili?" Mtu akacheka huko nyuma. Damu ikanipanda kichwani. Kitabu cha watoto! Nilikuwa nafungua mdomo nimpe somo lake, nikasikia sauti nyuma yangu: "Lete hapa."

Alikuwa baba. Alipita katikati ya watu na fimbo yake, akakipokea kitabu, akakifungua bila kutafuta ukurasa.

"Mnacheka msichokijua," alisema. "Kitabu hiki kina makosa. Tazameni! Mwizi anapanda mgomba! Ameukumbatia, anapanda juu kama mnazi! Aliyechora haya, mgomba aliuona wapi?" Uwanja ukalipuka. "Na hapa, mkungu uko mgombani, ndizi zote zinatazama chini. Waitu, jamani, tangu lini?"

"Haijatokea!" akajibu mtu.

"Haijatokea! Lakini huyu bibi ana akili. Anamkamata mwizi kwa utomvu uliokauka kwenye shati. Hapo mchoraji amesema kweli. Nani hapa amewahi kuufua utomvu wa mgomba ukatoka? Na mwizi mwenyewe ni nani? Mimi namjua. Siwaambii. Si kama kile cha wiki ile nyingine, ambacho mwisho wake ni uongo mtupu. Elfu mbili, nani?"

Alikuwa amevisoma vyote! Rundo zima, na kila kimoja akakirudisha palepale chini ya redio, mzee yule!

Mikono ikaanza kupanda. Elfu tatu. Nne. Mwalimu wa kwaya akasema elfu tano, baba akainua kitabu juu. "Elfu tano mara ya kwanza! Mara ya pili!" Halafu akasita. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye tangi la maji, na pale hapakuwa na mtu. Waliojua wakainamisha vichwa.

Nikatoka nilipokuwa, nikavuka uwanja mpaka kwenye tangi, nikainua mkono. "Elfu sita."

Baba alinitazama. Kisha akavuta pumzi, na ile sauti ya zamani ikatoka nzima: "Mara ya tatu, kinakwenda nyumbani!"

Walicheka, wakapiga vigelegele, na wengine walifuta macho. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulirudi kwa miguu, kitabu kikiwa kwapani mwake. "Umenunua kitu chako mwenyewe," alisema. "Mwalimu wa hesabu mzima!" Nikacheka mpaka nikasimama njiani. Yeye akanisubiri, akaviringisha kitabu, akakikunjua tena.

"Ila na wewe umekosea," akasema. "Mama yako alikuwa akiinua mkono wa kushoto."